Mlinzi wa mtaa kamsimamisha mwanangu: ana mamlaka gani?

SWALI: Wakili, salamu nyingi. Tumetokea Kigoma, na huu ni mwaka wa tatu tuko kwenye kitongoji kimoja cha Columbus, Ohio. Kijana wangu ana miaka 17 na jioni hupenda kukimbia mazoezi. Wiki iliyopita jirani mmoja wa kikundi cha ulinzi wa mtaa, kavaa kizibao cha reflekta na redio ya upepo mkononi, alimzibia njia kwa pikapu, akamwuliza anaishi wapi, akadai kitambulisho. Kijana akamwelekeza nyumba yetu ilipo. Hakuamini, akampiga picha, na kesho yake picha ikawa kwenye programu ya majirani, na maneno kwamba kuna kijana mweusi anazurura mtaani. Kwetu sungusungu akikuita unasimama. Huyu naye ana nguvu hiyo? Na siku nyingine kijana afanyeje: ajibu, akimbie au anyamaze? — Baba Neema

JIBU: Baba Neema, pole, na kijana mpe pole. Huyo jirani hana mamlaka yoyote juu ya mwanao. Hana ya kumsimamisha wala ya kumdai kitambulisho. Lakini jibu hilo peke yake halitoshi, maana kijana anaweza kuwa na haki zote na bado akadhurika, kwa hiyo nivumilie nieleze.

Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wamechoshwa na wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 Bunge likawaingiza kwenye sheria na kuwapa nguvu ya kukamata. Ulinzi shirikishi wa Marekani haujapewa kitu kama hicho. Uliasisiwa kitaifa mwaka 1972 na chama cha masherifu (wakuu wa polisi wa kaunti) wa nchi hiyo, na mwongozo wake ni mfupi: angalia, kumbuka ulichoona, piga simu polisi. Usibebe silaha ukiwa doria, usifukuze mtu. Kizibao kinauzwa dukani, na redio pia.

Kinacholeta utata ni sheria nyingine, ile ya raia kumkamata mhalifu. Majimbo yanatofautiana sana hapa. Ohio inamruhusu mtu yeyote kumkamata mwingine bila hati, ila pawe na kosa kubwa la jinai lililotendeka, au sababu za msingi za kuamini kwamba limetendeka, na zaidi ya hapo sababu za msingi za kuamini kwamba huyu anayekamatwa ndiye mtendaji. Tunazungumzia mauaji, unyang'anyi, kuvunja nyumba. Kukimbia jioni na raba miguuni hakumo. Kuwa mgeni machoni pa jirani hakumo, na rangi ya ngozi haimo kabisa. Tena kumzuia mtu kwa makusudi asiende zake, bila haki ya kisheria, ni kosa la jinai lenyewe huko Ohio. Kwa maelezo yako, aliyekaribia kuvunja sheria jioni ile ni mwenye pikapu.

Kesi iliyolipima jambo hili hadharani ni ya Ahmaud Arbery. Tarehe 23 Februari 2020 kijana huyo wa miaka 25 alikuwa akikimbia mtaa wa Satilla Shores, karibu na mji wa Brunswick, Georgia. Alipita kwenye nyumba iliyokuwa inajengwa, hakuchukua kitu, akatoka. Gregory McMichael na mwanawe Travis wakamfukuza kwa pikapu wakiwa na bunduki, jirani yao William Bryan akafuata na gari lake. Wakamzingira, na Travis akampiga risasi akafa. Hakuwa na silaha. Mwendesha mashtaka mmoja aliandika barua kuwatetea kwa sheria ya Georgia ya raia kukamata, sheria ya mwaka 1863, wakati wa utumwa. Zikapita zaidi ya siku 70 bila mtu kukamatwa, mpaka video ilipotoka mwezi Mei. Video hiyo aliipiga Bryan mwenyewe.

Mahakamani utetezi ulikuwa ule ule: tulikuwa tunamkamata. Jaji akawaeleza wanajuri, yaani raia wanaoamua kesi, kwamba raia akitaka kukamata, lazima afanye hivyo papo hapo kosa linapotendeka, au mhalifu wa kosa kubwa anapokuwa anatoroka, si kwa tetesi za wiki zilizopita. Wote watatu wakatiwa hatiani kwa mauaji tarehe 24 Novemba 2021 na kufungwa maisha. Februari 2022 mahakama ya shirikisho nayo ikawatia hatiani kwa kumzuia Arbery kutumia barabara ya umma kwa sababu ya rangi yake. Hilo la pili liweke moyoni: barabara ya umma ni haki inayolindwa na sheria ya shirikisho, jimbo lolote uliko. Georgia yenyewe ilikwisha kuifuta sheria ile ya 1863 mnamo Mei 2021, ikawaachia watu wachache tu, kama wenye maduka, nguvu ya kumshikilia mwizi.

Ukiishia hapo utalala usingizi mzuri. Mimi sitaki ulale bado.

Sanford, Florida, 26 Februari 2012. Trayvon Martin, miaka 17 kama mwanao, alikuwa mgeni kwenye mtaa wenye uzio, anarudi kutoka dukani. George Zimmerman, mratibu wa ulinzi wa mtaa huo, alimwona akapiga simu polisi kuripoti mtu wa kutiliwa shaka. Mpokea simu alipogundua kwamba anamfuata, alimwambia hawahitaji afanye hivyo. Dakika chache baadaye Trayvon alikuwa amekufa kwa risasi. Zimmerman alishtakiwa wiki sita baadaye na Julai 2013 juri likamwachia huru.

Watu wengi huamini aliachiwa kwa sababu alikuwa na ruhusa ya kumfuata kijana. Sivyo. Juri halikuulizwa kama alistahili kumfuata. Kumfuata mtu kwa miguu peke yake halikuwa kosa. Liliulizwa kama sekunde ile alipofyatua risasi aliamini, kwa sababu za msingi, kwamba anauawa au anajeruhiwa vibaya. Mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuamini hivyo, bila shaka yoyote ya msingi, ulikuwa wa upande wa mashtaka. Palikuwa na mapambano ya mwili, na shahidi wa pili wa mwanzo wa mapambano hayo alikuwa marehemu. Wakina McMichael waliegemea ukamataji, na video ikawaumbua; Zimmerman aliegemea kujihami, na hapakuwa na video.

Kisheria Ohio iko karibu na Florida kuliko watu wanavyodhani. Tangu 2019 ni mwendesha mashtaka anayebeba mzigo wa kuvunja utetezi wa kujihami. Tangu tarehe 6 Aprili 2021 mtu aliye mahali anaporuhusiwa kuwepo halazimiki kurudi nyuma kabla ya kutumia nguvu. Na tangu Juni 2022 mtu mzima kuanzia miaka 21 anayeruhusiwa kumiliki bunduki anaweza kuibeba bastola kwa kificho bila kibali. Kwa hiyo kijana achukulie kwamba mwenye kizibao ana bastola. Sheria bado inasema aliyesababisha ugomvi hana haki ya kudai kujihami, na hiyo ni nzuri kwa mwanao, ila nani alisababisha ni swali la ushahidi, na ushahidi unatakiwa uanze kutengenezwa kabla ya ugomvi.

Ushauri wangu basi: mwanao awe wa kwanza kupiga simu. Mtaani huko aliyepiga 911, simu ya dharura, ndiye polisi wanayemchukulia kuwa mlalamikaji, na aliyepigiwa ndiye mtuhumiwa, mpaka ithibitike vinginevyo. Akizibiwa njia tena asikimbie wala asisogee karibu. Mikono ionekane. Ajibu mara moja tu, kwa sentensi moja, "Naishi hapa, naenda zangu," na asirudie hata akiulizwa mara kumi. Asiguse gari, asiguse mtu, asinyang'anye simu. Aelekee penye taa na watu, huku amepiga 911 na kuweka spika: mwanaume ananifuata kwa pikapu ya rangi fulani, nina miaka 17, niko barabara fulani, nimevaa kaptula nyeusi na fulana ya njano. Ajieleze mavazi yake mwenyewe, ili askari akifika ajue mpiga simu ni yupi. Kurekodi ni halali. Ohio inatosha mmoja wa wanaoongea awe ameridhia. Wewe mzazi ukipigiwa, nenda, lakini usitoke na kitu mkononi. Kiingereza kikikukwama, taja Kiswahili. Vituo vingi vya 911 vina wakalimani kwa njia ya simu.

Askari akija, mambo hubadilika, kwa kuwa yeye ana mamlaka. Kipimo chake kinatokana na kesi ya Terry ya mwaka 1968, iliyoanzia Cleveland, jimboni kwenu hapo hapo: anaweza kumsimamisha mtu akiwa na shaka yenye msingi unaoelezeka. Simu ya mtu asiyejitaja jina haitoshi yenyewe. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ilisema hivyo kwenye kesi ya kijana mweusi wa Miami aliyekuwa kituo cha basi, ambapo mpiga simu alidai ana bunduki. Ila hoja hiyo ni ya mahakamani, siyo ya barabarani. Askari mwenye shaka ya namna hiyo akiuliza, sheria ya Ohio inamtaka kijana ataje jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa. Zaidi ya hapo anaweza kusema kwa adabu kwamba hatajibu maswali bila mzazi au wakili. Wazazi huniuliza pia kuhusu kadi ya ukaazi: sharti la kutembea nayo linawahusu wasio raia waliotimiza miaka 18.

Picha ile itakuudhi, lakini kumpiga mtu picha barabarani si kosa, na sikushauri upoteze fedha kudai umekashifiwa. Iripoti kwenye programu yenyewe. Nextdoor, kwa mfano, ilibadilisha fomu zake mwaka 2016 baada ya wakazi wa Oakland kulalamika, ikamtaka anayetaja rangi ya mtu aongeze sifa nyingine kama mavazi. Nguvu kubwa zaidi iko kwenye sheria ya makazi ya mwaka 1968. Kumtisha au kumwingilia mtu asifurahie makao yake kwa sababu ya rangi au asili ya taifa lake kunakatazwa, na malalamiko hupelekwa wizara ya nyumba ya shirikisho ndani ya mwaka 1, au mahakamani ndani ya miaka 2. Kama kikundi kiko chini ya umoja wa wenye nyumba, andikia umoja huo barua yenye tarehe, ueleze kilichotokea na udai wamzuie mtu wao. Baada ya barua hiyo hawawezi kusema hawakujua. Familia ya Trayvon ilifikia malipano na umoja wa mtaa ule mwaka 2013.

Kudai fidia kwa kuzuiliwa kinyume cha sheria kuna muda wa mwaka 1 Ohio. Kwa aliye chini ya miaka 18 saa hiyo husimama, lakini wewe ihesabu tangu jioni ile, uonane na wakili mwenye leseni ya huko. Na omba nakala za simu za 911 za siku hiyo. Huko Ohio hizo ni nyaraka za umma, na kama jirani alipiga, maneno aliyotumia yamo humo.