Maswali na Majibu: Shindano la Mapishi la Ukoo, Hapa Kigoma

Katika ukoo wetu, kila Desemba, ndugu wa Dar es Salaam na Tabora wanapofika Ujiji kwa mapumziko, tunafanya shindano la mapishi uani kwa bibi. Majirani na marafiki wanaotaka kuanzisha la kwao wamekuwa wakiniuliza namna ya kuliendesha. Maswali yaliyojirudia zaidi ninayajibu hapa.

*Je, kila kundi lijinunulie vyakula vyake, au tununue pamoja? (Mama wa watoto wanne, Mwanga)*

Nunueni pamoja, mama. Mwaka wetu wa kwanza mimi ndiye niliyesema kila kundi lijitegemee, na nilikosea. Siku tuliyoichagua iliangukia wakati wa mbalamwezi, nami sikuwa nimefikiria kwamba dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa unaowavuta juu, na kwamba mwezi ukiwa mpevu taa hizo hupoteza nguvu, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa na dagaa wabichi huadimika sokoni. Kundi moja lilikuwa na mjomba mwenye marafiki mwaloni Kibirizi, likapata samaki wabichi, ilhali wenzao walipika dagaa wakavu waliobaki na mchanga kwa sababu hawakuoshwa vizuri. Waamuzi wakawa wanapima bahati ya mjomba, si mikono ya wapishi, na manung'uniko yake tuliyasikia hadi Pasaka.

Siku hizi tunakusanya mchango mmoja, watu wawili wanakwenda sokoni alfajiri, kisha kila kundi linapimiwa kilo ileile ya samaki, kikombe kilekile cha mawese, nyanya, vitunguu, chumvi na mkaa. Chagua siku za giza, na kama unapanga shindano la katikati ya mwaka, ulizia kwanza hali ya uvuvi, kwa maana mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ukikosa wabichi, wape makundi yote wakavu: watoe vichwa, wawaoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne mpaka maji yatoke bila mchanga, ndipo waanze kuhesabiwa muda.

*Mama mkwe wangu ni mpishi anayesifiwa mtaa mzima. Nikimshinda nitaonekana nimemvunjia heshima, na nikishindwa nitasimangwa. Nifanye nini? (Mkwe, Gungu)*

Usisimame upande wa pili wa jiko lake, dada yangu. Ingia kundi lake. Makundi yasichaguliwe kwa kupendana wala kwa nyumba, bali yapangwe ili kila moja liwe na mzee mmoja, kijana mmoja, mwanamume mmoja na mtoto mmoja, na yule anayepanga aelezwe mapema, faraghani, kwamba wakwe na wake wa watoto wao wakae pamoja. Mkishinda, umeshinda naye. Mkishindwa, hakuna wa kumlaumu mwenzake mbele za watu.

Kuna faida nyingine ambayo mimi naithamini kuliko zawadi yoyote. Mama mkwe hatakaa chini akuandikie kipimo cha maji ya ugali wake, kwa sababu mwenyewe hakijui kwa namba. Anakijua kwa mkono na kwa sauti ya sufuria. Ukisimama naye saa mbili ukimshikia sufuria, utaona ni wakati gani anaongeza unga na ni wakati gani anapunguza moto, mambo ambayo katika miaka mitano ya kuja kula kwake Jumapili hukuyaona hata mara moja.

*Mwaka jana waamuzi walimpa ushindi kaka yao. Tutapataje haki? (Kijana wa Katonga)*

Mwamuzi asijue anachoonja kimetoka jiko gani. Waamuzi wawe watatu, wakae ndani au nyuma ya nyumba wakati wa kupika, na mtu asiyeshindana apakue chakula katika sahani zinazofanana, kila moja ikiwa na namba chini yake. Kila mwamuzi awe na kijiko cha kupakulia na kingine cha kulia, kijiko kilichoingia kinywani kisirudi sahanini, na anywe maji kati ya sahani moja na nyingine. Mwamuzi wa kwanza aanzie sahani namba 1 na wa pili aanzie ya mwisho, kwa sababu mtu mwenye njaa husifu kila kitu na aliyeshiba hutafuta kasoro.

Kuhusu alama, sisi tunatumia 100: ladha 50, kuiva na usafi 25, kutopoteza chakula 15, mwonekano 10. Wengine huupa mwonekano alama nyingi, na mimi sikubaliani nao. Mgebuka, samaki wa ziwa letu, uliopangwa vizuri juu ya sinia bado haujaniambia kama umeiva mfupani. Waamuzi waandike alama zao kimyakimya kabla ya kuzungumza, la sivyo mzee wa kwanza kusema atakuwa amewaamulia wote.

*Bibi yetu wa Kasulu anataka siku hiyo tuanzie shambani: tung'oe muhogo, tusage, tupike ugali siku hiyo hiyo. Inawezekana? (Mjukuu)*

Mwambie bibi, kwa heshima zote, kwamba sehemu ya mwisho tu ndiyo itakayofanyika siku hiyo, na ninaamini yeye mwenyewe atakubali ukimuuliza namna walivyofanya zamani. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya sianidi. Kinachoiondoa ni kazi ya siku kadhaa: kumenya, kuloweka majini siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kuuvunja, kuuanika mpaka ukauke kabisa, ndipo usagwe. Pale watu walipofupisha hatua hizi kwa sababu ya njaa au haraka ya biashara, na chakula chao kikawa hakina samaki wala maharage ya kutosha, umetokea ugonjwa wa konzo unaopooza miguu, na nchi yetu pia imewahi kuupata. Siwezi kumshauri mtu yeyote afupishe hatua hizo kwa ajili ya mchezo wa jioni moja.

Lakini wazo la bibi ni zuri, na linaweza kufanyika kwa wiki nzima badala ya siku moja. Wajukuu watakaotangulia kufika waloweke Jumatatu chini ya macho yake, waanike Alhamisi, na kama jua halitoshi wapewe siku zaidi. Siku ya shindano kila kundi lisonge ugali kwa unga huo waliouandaa wenyewe.

*Ndugu zetu wa mjini wanataka mawese yachomwe mpaka yawe meupe ndipo wayale. Waamuzi wahesabu hilo kuwa kosa? (Muuza mboga, Ujiji)*

Wekeni kanuni mapema ili asiyejua asionewe. Kwangu mimi ni hasara, kwa kuwa wekundu wa mawese unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kuyachoma mpaka yapauke ni kuiteketeza. Yapasheni moto kiasi, mtie vitunguu kabla hayajatoa moshi. Mgeni asiyezoea harufu yake apewe maharage yaliyoungwa kwa kijiko kimoja tu cha mawese, na mara nyingi ataomba tena.

*Wanaume wa ukoo wanasema wao watakula tu. (Shangazi, Kibondo)*

Wavuvi wanaokaa kambini kando ya ziwa hujipikia, na ugali wao husimama. Asiyepika achote maji na aoshe masufuria yote.

*Mvua ikinyesha, tuhamishie majiko sebuleni? Na watoto tuwaweke wapi? (Baba mwenye nyumba, Mwanga)*

Hapana, msiyahamishie ndani. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na inaweza kuwaua waliomo kabla hawajagundua chochote. Desemba mvua haikwepeki kwetu, kwa hiyo fungeni turubai uani mapema, juu kuliko kimo cha mtu mzima na wazi pande zote, na majiko yasikae chini ya pembe zinazoning'inia. Kama shindano ni la kiangazi, tatizo litakuwa upepo wa ziwani. Jengeni kinga ya mabati upande unakotokea.

Watoto walio chini ya miaka saba wachambue maharage, waoshe mboga na wahesabu sahani, mbali na moto. Wakubwa kidogo wanaweza kukoroga wakiwa na mtu mzima pembeni. Chorea majiko mstari wa majivu ardhini, na mtoto asiuvuke bila kuitwa kwa jina. Mwaka jana mpwa wangu wa miaka mitano ndiye aliyekuwa akiwakumbusha watu wazima.

*Chakula kinachobaki? (Jirani)*

Kisikae nje zaidi ya saa mbili, hasa wali na samaki. Mara waamuzi wakishatoa matokeo, changanyeni mboga za makundi yote katika masinia ya pamoja, watu wale, na sehemu ya majirani ipelekwe ingali ya moto.