Mleta mada, hela ya hilo shamba la bondeni usiitoe kwanza

Umesema Ijumaa unalipa kodi ya miaka miwili, shamba la mchicha kando ya Mto Msimbazi huko Tabata, Dar es Salaam, na kwamba dalali ana barua ya serikali ya mtaa. Mkuu, USILIPE. Mambo ya mbegu, pampu na soko uliyouliza tutayafikia, kama tutayafikia.

Hiyo barua naijua. Yangu ilikuwa na muhuri unaong'aa kuliko wa benki. Serikali ya mtaa haina mamlaka ya kukugawia ardhi ya mjini. Inaweza kusema wewe unajulikana pale, basi. Dalali akaniapia eneo liko kwenye mipango ya "kilimo cha mjini". Nikachimba kisima, nikasimika simtanki, nikavuta mabomba, nikashindilia mbolea ya kuku kwenye matuta. Na mchicha ulitoka kweli! Haufiki mwezi, akina mama wa sokoni wanakuja kununua kwa tuta, wanang'oa wenyewe na kufunga mafungu palepale. Nikajiona bwana shamba. Kisha wakaja jamaa na futi kamba na kopo la rangi nyekundu, wakaangaza ukuta wa kuchora X ya kubomoa, hakuna, wakaichora kwenye simtanki. Majirani walicheka, na mimi nikacheka nao, ningefanyaje?

Fidia sahau. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nani angenilipia kisima nilichochimba humo? Dalali kila nikimpigia yuko msibani. Kwa hesabu yangu ukoo wake umeshaisha.

Na hapo sijagusa maji yenyewe. Msimbazi unabeba uchafu wa viwanda na vyoo, na watafiti wameshakuta madini ya risasi kwenye mboga za bonde lile. Kule chini Jangwani nyumba zimevunjwa kupisha mradi wa bonde unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Nyumba, mkuu, sembuse matuta yako.

Msije mkasema nachukia kilimo cha mjini. Kanuni zake zilitungwa tangu 1992, na wakati ule zilisema mtu mmoja asizidi ekari 3, ng'ombe wasizidi 4. Jiji lina nafasi ya mkulima, ila nafasi hiyo huijui kwa mdomo wa dalali. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri ya jiji, omba uoneshwe mchoro wa eneo lile, usome limepangiwa nini: kilimo, eneo la wazi, bonde hatarishi, barabara. Likiwa kando ya barabara kuu, mita 30 kutoka katikati ya barabara si za mtu. Wakikwambia njoo kesho, nenda kesho. Nauli ya daladala haijawahi kufika bei ya simtanki. Majibu yawe kwa maandishi, yasiwe ya koridoni.

Ukiupata huo mchoro, piga picha uuweke hapa, tuusome pamoja kabla ya Ijumaa.