Re: Kuwaona popo wa Pemba na watoto

Ndugu, umeuliza utawaonaje popo wa Pemba ukiwa na watoto, na kama kazi yao ni kumaliza maembe tu.

Nenda Kidike, hifadhi ya popo hao kisiwani Pemba, mchana, uchukue darubini. Utawaona wananing'inia mitini, wakijipepea kwa bawa moja jua likiwa kali. Mwongozaji akitaka kupiga makofi ili waruke, mkatalie kabisa! Majike hubeba vichanga kifuani.

Maembe wanakula, kweli. Lakini usiku husambaza mbegu za mikuyu mbali na mti mama, na msitu huota upya. Duniani kote wanapatikana Pemba pekee.

Watoto wasimguse popo aliyeanguka. Aking'ata au kuparura, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.