Jibu: Dirisha la duka la vito msimu wa Idi

Dada, umeuliza upambe vipi dirisha la Idi bila gharama kubwa. Kwanza punguza. Ukijaza mikufu arobaini, mpita njia haoni hata mmoja.

Gene Moore, aliyeanza kupamba madirisha ya Tiffany, duka la vito kule New York, mwaka 1955, alipenda vitu vya kawaida. Mwaka 1965 jiji lilipokuwa na uhaba wa maji, chemchemi ya dirishani aliitilia pombe ya jini (gin) badala ya maji! (Wewe tia maji, tafadhali.)

Mimi ningeinamisha dele la kahawa, mkufu mmoja wa dhahabu utoke mdomoni mwake na kumiminikia kwenye finjani. Nyuma kitambaa cheusi kisichong'aa. Taa ya njano kwa dhahabu, nyeupe kwa fedha na tanzanaiti. Na kioo ukifute kila asubuhi, vidole vya watoto havikosi.