Muulize Kepteni: Nilipe kwanza chuo au daktari?

Shikamoo Kepteni. Mwanangu ana miaka 19, amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM na anataka urubani. Chuo kimoja cha Afrika Kusini kimemkubali, kinataka malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi. Wanasema vipimo vya afya atafanya akifika. Amevaa miwani tangu kidato cha pili, na mjomba wake anasema mwenye miwani hapewi ndege. Vipimo hivyo ni bei gani, na atapita?
Mzazi, Kihonda, Morogoro

Marahaba, mama. Hiyo pesa ya chuo isitoke benki kwanza.

Nianze na mjomba, maana huyo ni mwepesi kumjibu. Miwani haimzuii mtu. Kanuni za kimataifa, ambazo ndizo nchi zetu zinafuata, zinataka kila jicho lisome angalau 6/9 (yaani kwa mita 6 lione kile ambacho jicho zima huona kwa mita 9) na yote mawili kwa pamoja 6/6, na miwani inakubalika. Sharti ni awe nayo usoni anaporuka, na ya akiba iwe karibu. Mimi ya akiba niliiweka mfuko wa shati miaka yote, na nimewahi kuikalia mara mbili.

Cha kuogopa ni rangi. Daktari atamfungulia kitabu cha Ishihara, kurasa za vidoa vidoa zenye tarakimu ndani. Ukurasa wa kwanza una 12, na huo kila mtu anausoma, hata asiyetofautisha rangi. Kazi inaanza ukurasa wa pili: wewe na mimi tunaona 8, mwenye shida ya nyekundu na kijani anaona 3, tena anaitaja kwa kujiamini kabisa. Wengi hawajijui mpaka siku hiyo. Na si ukorofi wa madaktari. Usiku unapotua, kando ya njia ya kurukia kuna taa nne: ukiziona nyeupe mbili na nyekundu mbili, uko sawa, zikiwa nyekundu zote, uko chini mno. Asiyezitofautisha atajuaje?

Kijana wa jirani yangu aliingia chuo kimoja (sikitaji) akiwa na cheti cha afya cha daraja la pili. Kwa leseni ya rubani binafsi kinatosha, na chuo kilimpokea kwa mikono miwili. Chini ya cheti paliandikwa mstari mmoja: mchana tu. Hakuna aliyemwelewesha maana yake. Alimaliza saa 40 na ushee za kuruka, leseni ndogo akapata, na alipokwenda kuomba daraja la kwanza, ambalo ndilo la rubani wa biashara, akaambiwa macho yake hayatofautishi rangi. Baba yake alikuwa ameshauza kiwanja. Kwa hiyo mwanao aombe daraja la kwanza tangu mwanzo, hata wakimwambia la pili linatosha kuanzia.

Sasa bei. Haiko moja. Hata Marekani mamlaka ya anga haiwapangii madaktari ada, kila mmoja ana yake. Mpigie daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, si daktari yeyote wa hospitali, na umuulize hivi: bei hiyo ina kipimo cha umeme wa moyo, cha kusikia na maabara ndani yake, au hivyo nalipia dirisha jingine? Hapo ndipo watu wanaposhangaa. Ada ya daktari huwa ya kubebeka, kisha unatumwa kwa mtaalamu wa macho, unatumwa maabara, na kila mlango una risiti yake. Tenga pia ya ziada kidogo, maana wakiona jambo la kutilia shaka watamwelekeza kwa bingwa, na bingwa naye halipwi asante.

Akienda Afrika Kusini watataka cheti cha mamlaka ya kwao, kwa hiyo huenda akapimwa tena na utalipa tena. Ndiyo, inauma. Lakini kulipa vipimo mara mbili ni nafuu kuliko kukuta tatizo mtoto akiwa kule, ada imelipwa na chumba kimepangwa.

Na ajue kwamba hii si gharama ya mara moja. Daraja la kwanza ni kila mwaka. Ukipita miaka 40 na unabeba abiria kibiashara ukiwa rubani peke yako, inakuwa kila miezi sita. Mwenzake wa ndege ya marubani wawili anabaki mara moja kwa mwaka mpaka 60. Mimi nilikuwa mtu wa Caravan, ndege ndogo ya abiria, Dar, Unguja, Mafia, peke yangu mbele. Risiti zangu za daktari ziko kwenye kopo la biskuti, nimezihesabu: 53. Akiajiriwa aulize mapema kama vipimo analipa mwajiri au vinakatwa kwenye mshahara, maana nimeona yote mawili.

Siku ya kupimwa aende na miwani yote miwili na karatasi ya vipimo vya macho vya karibuni, na asipande ngazi mbio. Mimi niliwahi kufanya hivyo, presha ikasoma juu, nikakalishwa kwenye benchi nusu saa nikitazama bango la minyoo. Dawa anazotumia azitaje zote. Akishapewa cheti, asome mwenyewe mistari ya chini kabla hajaondoka pale, na asipouelewa mmoja, amuulize daktari palepale. Kisha nenda benki.