Bwana shamba mgeni Mtwara, anza na kalenda ya pesa

Ukipangiwa kazi ya ugani Tandahimba, Newala au kule Ruangwa mkoani Lindi, utakuja na daftari lililojaa kilimo hifadhi, lishe na tabianchi. Liweke pembeni kwanza. Pita nyumba kwa nyumba uulize mambo mawili: pesa inaingia lini, na chakula kinaisha lini?

Pesa kubwa ni ya korosho, na minada huanza Oktoba. Mvua huku ni msimu mmoja tu, kwa hiyo Januari na Februari mahindi mapya bado hayajakomaa na ya zamani yamekwisha. Mwaka ukiwa mbaya, watu huingia porini kuchimba ming'oko, yaani viazi vya mwituni. Wengine huenda kwa mchuuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho nje ya mfumo rasmi, wakachukua unga leo kwa korosho ambazo hata hazijatoa maua.

Kangomba imepigwa marufuku, nawe utaambiwa uipige vita. Stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08, umesaidia wanunuzi washindane. Lakini mkulima akishapeleka mzigo AMCOS, chama chake cha ushirika, anasubiri mnada, kisha anasubiri malipo benki, na watoto wanataka kula jioni hiyohiyo. Ukimkuta mzee kauza kangomba, usimhubirie. Kaa naye mpige hesabu ya magunia ya kubakiza nyumbani kabla hajauza mahindi au mtama wake.

Halafu salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Hupulizwa alfajiri kukiwa na umande ili ishike, na bila kinga ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga unamaliza maua. Ni kweli ikirundikana huongeza tindikali ya udongo, na chakula kinapandwa kwenye udongo huohuo. Ukimwambia mtu aache tu, atakucheka, na ana haki. Kazi yako ni kupogolea na kupunguza mikorosho iliyobanana ili hewa ipite. Kwa mikorosho mipya, nafasi ya mita 12 kwa 12 inaacha eneo la kunde, mbaazi na mihogo kwa miaka kadhaa kabla matawi hayajafunga. Jiandae na ubishi: kung'oa mkorosho ulioachwa na marehemu ni kikao cha ukoo, na mingine iko rehani kwa mtu mwingine.

Ukisifia mbaazi, taja na soko. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji, bei ilianguka na magunia yakabaki ndani. Ndiyo maana mimi napendelea zao ambalo likikosa mnunuzi linaingia chunguni.

Muhogo ni zao la namna hiyo, ila una ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Majani yanaweza kukudanganya, muhogo ndani umeoza, na ugonjwa husafiri na pingili, vipande vya shina vya kupandia. Kabla hujagawa mbegu kijijini, ng'oa mashina machache ya shamba lile unakozitoa, kata mihogo vipande vipande, kila mtu aone. Waite hasa akina mama, kwa sababu hao ndio wanaopeana pingili jirani kwa jirani, na wakiikataa mbegu yako haitafika popote.