Nahamia Kilifi mwaka wa pili: hosteli au nipange nje?

Dada wa Lamu ameuliza: amekubaliwa kuhamia chuo cha Kilifi akitoka bara, anaingia mwaka wa pili. Babake ataka akae hosteli za ndani, yeye ameshaona bedsita nzuri mjini, chumba kimoja cha kupanga.

Mimi ni wa Malindi na safari yangu ilikuwa kinyume na yako, nilitoka chuo cha pwani nikahamia bara. Lakini shida ya mwenye kuhama niliyoikuta ni hii: wa mwaka wa kwanza walikuwa wametengewa vitanda vyao, na wenyeji wa chuo walivigombania vilivyobaki potali, yaani tovuti ya chuo ya kuombea chumba, ilipofunguka tu. Mimi sikuwa wa huku wala wa kule. Barua ya kukubaliwa nilikuwa nayo mkononi, lakini potali haikunijua mpaka nilipopata namba mpya ya usajili.

Hilo nililijua Jumapili moja magharibi, nimesimama mlango wa hosteli na begi, ndoo, na halua ya mama imeanza kuvuja mafuta. Msimamizi akapitisha kidole kwenye orodha, juu hadi chini, akarudia tena, nadhani kwa kunionea huruma. "Kijana, humu orodhani humo." Pesa nilikuwa nimeshalipa, ila risiti ilikuwa na jina tu. Wiki tatu nililala mzungu wa nne na kijana wa Mambrui kwenye kitanda cha mtu mmoja, nyayo zake zikinisalimia kila alfajiri. (Ndiye aliyekuja kunisimamia harusi, kwa hivyo sitamsema zaidi.)

Kwa hivyo kabla ya kuchagua chumba, namba kwanza. Wapigie ofisi ya usajili ukiwa bado Lamu. Na usifike wikendi kama mimi. Vuka Mokowe mapema, panda basi, lala Malindi kwa jamaa, asubuhi shika matatu. Ni kilomita kama 60 tu, utaingia ofisini kabla foleni haijanona.

Sasa swali lako lenyewe. Mimi niko na babako, angalau muhula wa kwanza, na si kwa sababu ya usalama anaousema yeye. Ni ratiba. Ukihama, si masomo yote ya chuo cha zamani yanayokubaliwa. Mimi matatu yalikataliwa, nikawa nasoma na wa mwaka wa kwanza saa moja asubuhi, na wenzangu wa mwaka wa pili mpaka saa moja usiku, na katikati mapengo ya saa tatu nzima. Ukikaa mbali, mapengo hayo utayamaliza chini ya mti ukila viazi karai kwa pesa ya matumizi. Ukiwa ndani unarudi chumbani, unaoga, unalala kidogo.

Bedsita nayo ina hesabu isiyoonekana siku ya kuiangalia. Hosteli kwa kawaida hulipwa kwa muhula. Nyumba ya nje ni deposti na kodi ya kila mwezi, hata ile miezi ya likizo uko kwenu Lamu unakula samaki wa mamako. Na kama unategemea HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, waarifu mapema kuwa umehama. Mimi nilichelewa, mkopo ukatangulia kwenda chuo cha zamani, na mwenye nyumba hangojei mkopo.

Ukipewa nafasi ya kuchagua chumba, usitazame rangi ya ukuta. Fungua bomba. Huku pwani maji yetu hupigwa pampu kutoka visima vya Baricho, na siku pampu zikisimama, ghorofa ya juu ndiyo inayokauka kwanza na wewe ndiye utakayepanda ngazi na mtungi. Ghorofa hiyohiyo miezi ya kaskazi ni tanuri. Mimi ningeomba ya kwanza au ya chini, dirisha likipata upepo. Na omba kuwekwa na mtu wa kozi yako aliyeanza hapo mwaka jana, hata akiwa msemaji sana. Atakuwa na noti za masomo uliyoyakosa, na atajua mwalimu gani hukubali kazi iliyochelewa.

Kuhusu godoro, uliza kabla ya kufunga mizigo. Mimi nililipakia langu kwenye basi kutoka Malindi, nikalipia kama abiria, nikakuta chumba kina godoro lake.